Ukurasa Niliomwandikia Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusahihisha kitabu cha Amini kwa kalamu ya wino. Ningetumia penseli, pengine mengi yaliyofuata yangefutika. Lakini nilikuwa mtoto asiyeiamini penseli. Niliona ni chombo cha mtu asiye na uhakika, na mimi nilipokuwa darasa la tano nilikuwa na uhakika wa kila kitu isipokuwa nafsi yangu.

Mwezi uliopita nililetewa koti la marehemu. Ni koti la kaki, viwiko vimetiwa viraka, na linanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa ameacha kazi ya ng'ombe miaka mingi. Mke wangu amelianika mara tatu, amelitia sabuni, amelitundika nje kwenye upepo, harufu haitoki. Nikipita karibu nalo ninakuwa na miaka kumi na moja, niko Mbalizi, na nimeshika daftari.

Wa rika langu mtayakumbuka magazeti ya picha. Sisi wa Mbalizi tuliyapata kwa madereva wa malori waliotoka Zambia na shaba. Walisimama kula wali na nyama kwenye hoteli za barabarani, na walipoondoka waliacha mezani magazeti yenye alama za vidole vya mafuta. Mashujaa walikuwa wengi, lakini mimi nilikuwa na mmoja. Tulimwita Uso wa Shaba. Alivaa kinyago kinachong'aa, aliruka juu ya mapaa ya mji usio na jina, na hakuna aliyejua sura yake. Gazeti lake lilikuwa likitoka tangu kabla sijazaliwa, kila toleo na namba yake. Mimi nilikuwa nayo kumi na moja: la kumi na nne, la kumi na tano, la sitini na mbili, kisha napanda ghafla hadi la mia na kumi na nane. Katikati palikuwa na shimo. Nililikeshea shimo hilo kama mtu aliyepotewa na mbuzi.

Amini hakuwa na shimo. Baba yake alikuwa na duka la mablanketi, taa na vitambaa kando ya barabara kuu, na mjomba wake wa Lusaka alimletea magazeti kwa mafungu. Tulikuwa darasa moja. Siku moja alikuja na habari kwamba mjomba ameleta kitu kikubwa kuliko magazeti yote, na baada ya mimi kumfanyia hesabu za wiki mbili, alinionyesha.

Kilikuwa kitabu kizito chenye jalada gumu, na ndani hakikuwa na hadithi hata moja. Kila ukurasa ulikuwa na mtu mmoja, amechorwa amesimama wima, na pembeni yake mstari wa vipimo kama rula ili ujue kimo chake. Chini ya picha kulikuwa na vijisanduku. Jina linalojulikana. Jina la kweli. Kimo. Uzito. Mahali alipozaliwa. Nguvu. Udhaifu. Toleo alilotokea mara ya kwanza. Mashujaa wote, maadui wote, hata mbwa wa adui mmoja, wote wamepangwa kwa herufi. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nyumbani kwetu hakuna aliyeeleza kitu hadi mwisho. Ukiuliza unaambiwa utakua utajua. Kitabu kile hakikumwambia mtu atakua atajua.

"Wiki mbili," Amini alisema. "Unanawa mikono kwanza. Hukunji ukurasa. Hulambi kidole ukifunua."

"Nitakitunza kuliko wewe."

"Ndiyo ninachoogopa," alisema.

Niliosha mikono hadi ngozi ikapauka. Kiingereza changu kilikuwa cha kujifundisha, neno kwa neno, kwa kamusi niliyoazima shuleni, na nilisoma kitabu kile kama mahakimu wanavyosoma mashtaka. Wiki ya kwanza nilibadilisha futi zote kuwa sentimita, kwa sababu mwalimu alisema futi zimekwisha. Wiki ya pili nikaanza kukuta makosa.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kwa Uso wa Shaba mwenyewe. Alikuwa na kurasa mbili. Katika wa kwanza alikuwa na futi sita na inchi mbili, na kovu juu ya jicho la kushoto. Katika wa pili, jina linalojulikana ni lile lile, la kweli halikuandikwa popote, kinyago ni kile kile, lakini ana futi tano na inchi tisa, kovu hana, na mwaka wa kuzaliwa si ule. Watu wazima wa Ulaya, wenye mashine za kuchapa, walikuwa wamekosea, na aliyegundua ni mimi. Nilichukua rula na kalamu, nikaufuta ukurasa wa pili kwa mistari miwili iliyonyooka kutoka pembe hadi pembe. Pembeni niliandika vipimo sahihi. Nilisahihisha mahali arobaini na moja. Mwishoni nilichomeka karatasi yenye orodha ya masahihisho yote, nimeiandika upya mara tano kwa sababu kila mara herufi moja ilikaa vibaya.

Nilimrudishia Amini kwenye baraza ya duka lao nikiwa nasubiri kushukuriwa.

Alifunua. Akafunua tena. "Hii ni nini?"

"Masahihisho."

"Nani kakutuma?"

"Kulikuwa na makosa. Tazama mwenyewe, mtu huyu huyu hapa ana futi sita na inchi mbili, hapa ana..."

"Ni watu wawili, bwege wewe!" Sauti yake ilipasuka. "Wa kwanza alikufa! Toleo la tisini, alikufa darajani. Mdogo wake akavaa kinyago. Akachukua jina, akachukua nyumba, akachukua kila kitu, na adui hajui mpaka leo. Kila mtoto wa Lusaka anajua. Profesa wa Mbalizi peke yake ndiye hajui!"

Baba yake aliita kutoka ndani, "Amini, kelele za nini?"

"Lusajo ameua mtu, Baba!"

Mzee alitoka na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni. Alikitazama kitabu muda mrefu, akafuatisha mstari wangu kwa kidole. "Mwandiko mzuri sana," alisema. "Lakini nyumba haikuwa yako, mwanangu. Mbona umepaka rangi?"

Sikupewa tena kitu chochote cha Amini. Darasani waliniita Profesa hadi tulipomaliza la saba. Aibu ya kile kitendo haikunifundisha nilichopaswa kujifunza. Ilinifundisha kwamba kosa langu lilikuwa kutokujua, na kwamba dawa yake ni kujua zaidi. Basi nikanunuliwa kaunta buku, nikaanza kutunga kitabu changu mwenyewe cha watu wa kwetu.

Nilimwandika Mama. Nilimwandika balozi wetu wa nyumba kumi, nguvu zake: sauti, udhaifu: pombe ya ulezi. Nilimwandika Bibi Sekela, jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa mgodini Zambia. Kila ukurasa niliuchora upya na upya. Mkono ukitetemeka, nachana. Kaunta buku ilikonda hadi uti wake ukalegea. Ukurasa ulioniumiza kichwa kuliko yote ulikuwa wa Baba, kwa sababu yeye nilitaka awe mkamilifu.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, ng'ambo ya mto. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, mpole kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Aliweza kumshika fahali pembe akamlaza chini peke yake, huku anamwambia maneno kama anamwomba radhi. Jioni alirudi ananuka dawa, akanawa, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango na kufungua gazeti. Watu wa Mbalizi walimheshimu kwa hilo gazeti. Walijua kwamba Gwakisa, ndilo jina lake, alisoma kwa wamisionari kwao Rungwe. Bibi Sekela alimletea barua za mwanawe.

"Macho yangu leo yamechomwa na dawa," Baba alimwambia kila mara. "Lusajo, msomee bibi."

Nami nilisoma, Baba anatikisa kichwa pale panapostahili, na mwisho anasema, "Ndivyo ilivyo, mama. Mtoto amesoma vizuri."

Mimi nilikuwa mtoto wa kupima. Niliona kwamba Baba alikaa kwenye kila ukurasa wa gazeti muda ule ule. Ukurasa uliojaa maandishi matupu, hesabu ya hamsini. Ukurasa wenye picha moja kubwa ya kiongozi na maneno mawili, hesabu ya hamsini. Nilihesabu jioni sita. Kisha nikajua, na katika kaunta buku, kwenye kijisanduku cha udhaifu, nikawa na kitu cha kuandika. Nawaapia sikucheka. Nilifurahi kama fundi aliyepata msumari uliokuwa umepungua.

Likizo ilipofika nilipelekwa Iringa kwa Shangazi Tumpe, dada yake Baba. Alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili mlimani, akiuza pombe ya ulanzi chini ya mianzi yake mwenyewe, na nyumba nzima ilinuka ule utamu uliochachuka. Baridi ya Iringa ilikuwa kavu kuliko ya kwetu. Siku ya tatu mvua ilinifungia ndani, nikaomba ruhusa kupanga vitu vyake. Shangazi alisema panga, mradi usivunje. Ndani ya kopo la biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo, nilikuta picha.

Mwanamume mrefu amesimama mbele ya lori, mkono mmoja juu ya boneti, anacheka. Kati ya meno yake ya mbele kuna mwanya mkubwa. Kichwa chake kilipita kioo cha pembeni cha lori. Niligeuza. Nyuma kumeandikwa kwa mwandiko uliolala vizuri: Gwakisa, Iringa.

Nilikaa sakafuni. Baba hakuwa na mwanya. Baba alikuwa mfupi. Meno hayazibiki na mtu hapungui kimo.

"Shangazi, huyu ni nani?"

Aliingia anajifuta mikono kwa kanga. Alipoiona picha aliketi kitandani kabla ya kujibu. "Baba yako."

"Baba yangu ni mfupi."

"Mwe! Na wewe na rula zako." Mvua ilipiga mabati. "Huyo ni Gwakisa. Ndiye aliyekuzaa. Alianguka na lori mlima Kitonga, hujaota hata meno yote. Tulipomaliza matanga wazee walimtoa mdogo wake, wakampa nyumba, wakampa mama yako, wakampa wewe, wakampa na jina. Tangu siku hiyo Gwakisa ni yeye."

"Yeye alikuwa nani?"

"Alikuwa Ambokile." Alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka yai mezani. "Lakini hilo halitajwi, umesikia? Ambokile tulimzika siku ile na kaka yake. Aliyebaki ni Gwakisa. Ukimwita lile la zamani unamwambia kwamba kaka yake kafa na nyumba haina mtu."

"Ndiyo maana hajui kusoma," nilisema.

Shangazi alinitazama. "Nani amekwambia hajui kusoma?"

"Nimepima."

"Usipime watu," alisema. "Gwakisa alijua kusoma. Huyu amechukua vyote, hicho ndicho hakikuchukulika. Unafikiri hakimuumi? Rudisha picha."

Kwa hiyo nilionywa. Nimejitafutia visingizio miaka mingi, na kila kimoja kinagonga ukuta huo: nilionywa, kwa maneno ya wazi, na mtu aliyenipenda. Lakini kichwani mwangu mlikuwa na kitu kingine. Ndugu mkubwa amekufa, mdogo amevaa kinyago. Amechukua jina, nyumba, kila kitu, na watu hawajui. Baba yangu alikuwa Uso wa Shaba! Nilirudi Mbalizi kwa basi nimebana kaunta buku kifuani, na kuanzia Makambako, ambako upepo ulitaka kung'oa turubai la mizigo juu ya paa, hadi tunashuka, nilikuwa nacheka peke yangu. Katika magazeti yote niliyosoma, siri inapotajwa hadharani ndipo watu wanapopiga magoti. Sikujua kwamba yule aliyechora magoti yale hakuwahi kuishi Mbalizi.

Siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka wazazi walikuja. Mwalimu Sanga, wa darasa letu, alikuwa amechagua insha tatu zisomwe mbele yao, na yangu ilikuwa mojawapo. Kichwa kilikuwa "Baba Yangu". Ile aliyoichagua ilikuwa insha ya kawaida ya mtoto mzuri: baba yangu ni mfanyakazi hodari, baba yangu anapenda kazi za ujenzi wa taifa. Mwalimu aliipa alama nyingi. Lakini asubuhi ile niliisoma nikaona haya. Ilikuwa na tone la wino kwenye mstari wa nne, na zaidi ya hapo haikuwa sahihi. Ingeweza kuwa ya baba wa mtu yeyote. Nikaketi nyuma ya choo cha shule na kuandika nyingine, kwa mtindo wa kitabu cha Amini. Kwa mara ya kwanza maishani sikuchana hata karatasi moja. Mkono ulikwenda wenyewe.

Baba aliomba ruhusa kazini akaja. Alivaa koti lake la kaki, akaketi benchi la mbele pamoja na balozi, kwa sababu watu walimsogezea nafasi. Mama alikaa nyuma na wanawake, amempakata mdogo wangu Lugano, ambaye alikuwa na miaka miwili. Bibi Sekela alikuwa pembeni yake.

Nilisimama. Nilisoma kwa sauti ya kutangaza.

"Jina linalojulikana: Gwakisa. Jina la kweli: Ambokile."

Mwalimu Sanga aliinua kichwa. Baba hakusogea.

"Kimo: sentimita mia moja sitini na nane. Mahali alipozaliwa: Rungwe. Nguvu: anaweza kumlaza fahali peke yake bila kamba. Udhaifu: hajui kusoma. Hushika gazeti na kuhesabu hamsini katika kila ukurasa."

Kicheko kilianzia kwa watoto. Kilipofika kwa wakubwa kilikuwa kimenenepa. Balozi alijipiga paja. "Hamsini! Gwakisa, hamsini!" Bibi Sekela aliweka mkono mdomoni, nikamsikia kabisa, "Mwe! Na barua zangu zote!"

Mtu mwenye akili angekaa. Mimi nilidhani wanacheka kwa sababu hawajafika mwisho, na mwisho ndio wenye utukufu. Niliongeza sauti.

"Siri: baba yangu mwenyewe alikufa Kitonga kwenye lori. Huyu ni mdogo wake, amevaa jina lake. Hakuna anayejua."

Hapo hakuna aliyecheka. Lugano alisikika akiomba maji. Mwalimu aliitoa karatasi mkononi mwangu polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nilimtazama Baba nikisubiri uso wake ufunguke, kwa sababu ndivyo nilivyouona moyoni tangu Iringa: angesimama, angekuwa mrefu. Alikuwa amevua kofia. Aliishika magotini kwa mikono miwili na alikuwa akiitazama ndani, kana kwamba kuna maandishi.

Hakuondoka. Hilo ndilo lisilonitoka. Angeweza kuondoka, lakini alikaa insha mbili zilizobaki, akapiga makofi kila moja ilipokwisha. Nilipewa zawadi yangu, madaftari manne na sanduku la penseli za rangi, na tulipotoka alinipokea akanibebea. Tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma yake, Mama mbali nyuma yetu. Nilitaka aseme neno. Nilitaka hata anipige. Baba za wenzangu walipiga kwa makosa madogo kuliko lile, na nilijua kwamba ukishapigwa jambo limekwisha.

Mama alinikamata mlangoni. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ndiyo. Hakuna," alisema, akaniachia mkono kama kitu kilichomchafua.

Baba aliketi kwenye kigoda chake. Gazeti la jana lilikuwa palepale kwenye dirisha na hakuligusa. Aliniita, nikaenda nikapiga goti.

"Ambokile umeambiwa na nani?"

"Na Shangazi."

"Alikwambia Ambokile ni nani yako?"

Sikuelewa anachotaka. "Ni wewe, Baba."

"Ambokile ni mdogo wa baba yako. Mdogo wa baba yako unamwitaje?"

Nililia. Nilianza kumweleza kuhusu Uso wa Shaba, kuhusu toleo la tisini, kwamba yule mdogo alikuwa shujaa kuliko wa kwanza, kwamba nilitaka watu wajue. Maneno yalitoka yamechanganyika na kamasi. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo watu wazima wa kwetu hawakulifanya.

"Ulichosoma ni kweli," alisema. "Sijui kusoma, ni kweli. Kaka kafa, ni kweli. Hukusema uongo hata mmoja."

"Nisamehe, Baba."

"Mdogo," alisema.

"Baba..."

"Baba mdogo. Ukishajua, umejua. Siwezi kuitika kitu ambacho umewaambia watu wote kwamba si mimi."

Alisema bila hasira, na kwa hiyo hapakuwa na pa kushika. Kesho yake nilipomwita Baba hakugeuka. Nilidhani hakusikia, nikaita tena. Aliendelea kumkamua ng'ombe wa jirani aliyekuwa amemwomba msaada, na maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo kwa mwendo ule ule. Nikasema, "Baba mdogo." Akasema, "Naam, Lusajo." Ndivyo ilivyokuwa tangu hapo. Alinisomesha. Alinipeleka hospitali nilipovunjika mkono, akakaa pembeni ya kitanda siku nne. Lugano alikua akimwita Baba, na alimwitika, na nilijifunza kutoka chumbani kabla ya kumsikia akiitika.

Gazeti hakulishika tena. Bibi Sekela alipeleka barua zake kwa mwalimu. Lilipoanza darasa jipya la elimu ya watu wazima, lile la jioni, katika chumba kile kile nilichosomea insha, balozi alikuja kumwandikisha. Alimwambia, kwa mzaha wa kujisikia vibaya, kwamba sasa hakuna cha kuficha. Alikwenda siku moja. Nilimwona kupitia dirishani, ameinama juu ya kibao, mkono ule ulioweza kumlaza fahali umebana chaki kama anaogopa kuivunja. Watu wawili nyuma yake walikuwa wakihesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, hadi hamsini. Hakurudi.

Nilijaribu kutengeneza. Nilichoma kaunta buku. Nilipokuwa sekondari nilimwandikia barua ndefu ya kuomba radhi, nikaichana, nikaandika nyingine, nikaichana, herufi moja moja haikukaa sawa, hadi siku moja niligundua kwamba namwandikia barua mtu asiyejua kusoma, na kwamba ingebidi Lugano amsomee. Basi nikaacha. Hata hilo, ukitaka kujua mimi ni mtu wa namna gani, sikulifikiria hadi barua ya kumi.

Amefariki mwezi uliopita, kwao Rungwe, baada ya kuumwa kifua. Nilifika wameshazika. Baada ya matanga wazee waliketi ndani, na mimi, mtoto mkubwa wa nyumba ile, mwenye kazi na viatu vya kung'aa, nilikaa nje na wakwe. Nilijua. Hakuna aliyenieleza na safari hii sikuuliza. Walipotoka, Shangazi Tumpe, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alikuwa amemshika mkono Lugano. Lugano alikuwa amevishwa shuka jipya, anatazama chini kwa aibu.

"Huyu ni Gwakisa," Shangazi alitangaza. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akanitafuta kwa macho katika umati ule hadi akaniona. "Lusajo. Njoo umsalimu baba yako."

Nimemzidi Lugano umri kwa miaka tisa. Nilimfundisha kuendesha baiskeli. Nilipiga goti kwenye udongo uliochimbuliwa, mbele ya watu wote, nikamwita Baba, naye akaitika. Nyumbani naenda kila mwisho wa wiki. Namwita hivyo mlangoni, mezani, mbele ya watoto wangu, na sijamkosea hata mara moja.